Maktaba ya mtaa wetu Katuba: programu za mwaka mzima, na kufuli la Agosti

Tangu mwezi wa sita wanawake wanne wameniuliza swali lilelile nikiwa nimewazungushia utepe kiunoni: "Mama, ile maktaba kwenye unapelekaka batoto, iko muzuri?" Kila mara nimejibu nusunusu, maana mshonaji anapopima, mdomo wake umejaa pini. Leo pini nimezitoa, acha niseme yote.

Mimi nashona hapa Katuba, Lubumbashi, mashine yangu iko barazani. Nina watoto watatu: msichana wa miaka 13, mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 6 ambaye bado anasoma kwa kufuata na kidole. Maktaba iko dakika ishirini kwa miguu kutoka kwetu. Ni nyumba ya vyumba vinne yenye paa la malata, uwanja mbele, na mwembe mmoja mkubwa. Si ya shule wala ya parokia. Inaongozwa na kamati ya watu wa mtaa, wanaolipwa ni wawili tu, waliobaki wanajitolea. Jina silitaji kwa sababu nina mabaya pia ya kusema, na wanaofanya kazi pale ni majirani zangu. Mmoja ana suruali yake hapa kwangu inasubiri zipu.

Karte ya mwaka ni franka 5,000 kwa mtoto, na picha mbili za pasipoti. Programu zenyewe ni bure. Kitabu kikichelewa ni franka 200 kwa siku, na wanadai kweli. Mimi nimelipa.

Nimekwenda nao mwaka mzima, mvua na kipwa (majira ya ukavu), na kuna jambo naona wao wenyewe bado hawajaligundua. Programu zinazofuata majira ya hapa kwetu ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Zile zilizoshuka ndani ya katoni pamoja na vitabu vya msaada zinatukaa kama koti la mtu mwingine: mabega yanapwaya, mikono mifupi.

Chukua vakansi kubwa. Mwanzoni mwa Julai, shule zikifungwa tu, maktaba inaanza mashindano ya kusoma. Mlangoni walibandika bango kutoka Ulaya: pwani, mwavuli wa rangi, mtoto mwenye miwani ya jua analamba aiskrimu, na maandishi ya Kifaransa yanayosema kiangazi ni furaha. Sasa, mwezi wa saba Lubumbashi ni mashika, baridi kali. Tuko kusini mwa ikweta, tena juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kipimo kinashuka hadi nyuzi 7 au 8. Watoto wanatoka nyumbani na triko (sweta) mbili, makamasi yanawatiririka, wanacheza mchezo wa kutoa moshi mdomoni kama watu wazima wenye sigara. Kitinda wangu alisimama mbele ya lile bango muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mama, uyu mutoto hasikii mashika?"

Wazo lenyewe silikatai. Maktaba za Ulaya na Marekani huwaita watoto wasome miezi hiyo kwa sababu shule zimefungwa, na mtoto asiyegusa kitabu likizo nzima hurudi darasani akiwa amepoteza sehemu ya alichokijua. Hapa pia ni hivyohivyo: kuanzia Julai hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni miezi miwili ya kukimbiza tairi. Ila yeyote anayepanga siku ya mtoto wa Lubumbashi mwezi wa saba lazima aanze na baridi. Mwaka wa kwanza hawakuanza nayo. Waliwaketisha watoto chumba cha nyuma saa mbili za asubuhi, juu ya simenti tupu, na baada ya wiki moja nusu ya watoto walikuwa wanakohoa, wangu wawili wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Nikawatoa.

Mwaka huu nilirudi kwa sababu jirani alinihakikishia wamebadilisha, na kweli walikuwa wamebadilisha. Kikao kinaanza saa tatu. Mikeka inatandikwa uwanjani, chini ya ukuta unaotazama mashariki, ambao kufika saa hiyo umeshakunywa jua na unarudisha joto mgongoni. Kando, hatua kumi kutoka kwenye vitabu, inakaa mbabula ya makala, yaani jiko la makaa, yenye birika la chai. Sheria ni moja: huji mbabulani na kitabu mkononi. Mtoto anaweka kitabu mkekani, anakwenda kupasha vidole, anakunywa chai, anarudi. Nilikaa nao asubuhi tatu nikipiga pindo kwa mkono, na sikuona kitabu hata kimoja chenye jivu. Jua likipanda, mnamo saa tano, mikeka inahamia chini ya mwembe. Hakuna aliyeandika utaratibu huu mahali popote. Mwili ndio ulioufundisha.

Mashindano yenyewe yako hivi. Mtoto anapewa karatasi ngumu yenye vyumba 12. Akimaliza kitabu, hamwambii mtu "nimemaliza". Anakaa na mkubwa mmoja na kumsimulia, kwa lugha yoyote anayoimudu: Kiswahili, Kifaransa, Tshiluba, Kibemba. Akisimulia vizuri anapigwa muhuri. Mvulana wangu, ambaye ni mjanja wa sokoni, alichagua vitabu vyembamba vya picha, akasoma kurasa mbili za mwanzo na moja ya mwisho, akaenda kusimulia. Kijana anayepiga muhuri alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akauliza: "Na ule mbuzi wa katikati, alikufa ama alipona?" Hakukuwa na mbuzi wowote. Mtoto akasema alipona. Muhuri haukupigwa, akarudi mkekani uso umemshuka, na kitabu kile alikisoma mara mbili. Mimi nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Mwisho wa mashindano anayejaza vyumba vyote 12 anapata madaftari manne na kalamu mbili. Zawadi ya maana. Mwaka wa nyuma walitoa puto.

Kuhusu vitabu vyenyewe niseme kweli. Rafu karibu zote ni Kifaransa, na vingi ni vya watoto wa Ubelgiji: theluji, babu ana trekta, paka ana daktari wake. Kiswahili kina rafu moja na nusu, vingi kutoka Tanzania, na hapo kuna burudani yake. Kitinda aliniletea kimoja: "Mama, ugali njo nini?" Nikamwambia: "Njo bukari, mutoto." Akakaa kimya, akarudi: "Na daladala?" "Njo bisi." "Na shikamoo?" Hapo nilipata kazi, maana huku kwetu mtoto akikupa jambo kwa adabu imetosha. Lakini alikimaliza kitabu kile peke yake, na kile cha Kifaransa cha paka hakukimaliza. Alikuwa anatamka maneno yote vizuri sana, kama padri wa zamani anavyosoma Kilatini, na ukimwuliza paka amefanya nini, hajui. Mimi mwenyewe Kiswahili hiki cha kuandika nimekipata kwenye vitabu vya namna hiyo na kwenye Biblia. Nyumbani tunaongea chetu. Kwa hiyo ningeomba kamati, siku ya kuomba msaada mwingine, waombe katoni ya Dar es Salaam kabla ya katoni ya Brussels.

Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi nchini kwetu. Asubuhi watu wanakwenda makaburini kusafisha na kuwakumbuka waliotangulia, mchana ni zamu ya wazazi walio hai. Maktaba ilifungua saa nane mchana siku hiyo ya mapumziko, jambo ambalo sikulitegemea, na kila mtoto aliombwa kuja na mzee wake. Walikuja wengi, wengine bado na udongo mwekundu wa makaburini kwenye viatu. Hapakuwa na hotuba. Kulikuwa na kiti kimoja katikati, mzee anakaa, watoto wanauliza.

Aliyebaki kichwani mwangu ni muzee mmoja aliyeanza kazi Union Minière, kampuni ya migodi, kabla haijawa Gécamines, wakati mji huu bado unaitwa Élisabethville. Watoto walidhani anaongea mji mwingine. Ilibidi kijana wa maktaba aeleze kuwa jina lilibadilishwa mwaka 1966, mji ni huuhuu. Muzee akasimulia siku ya posho: foleni ya wake za wafanyakazi na mabakuli, unga unapimwa, samaki, mafuta, chumvi, kwa hesabu ya watu wa nyumba. Alionyesha kwa mikono jinsi mama yake alivyokuwa anasukutua kibakuli cha mafuta kwa unga ili tone lisibaki. Msichana wangu akauliza: "Muzee, na aliyezaa mutoto usiku wa kuamkia posho?" Muzee akacheka mpaka akakohoa, akasema hilo ndilo lililokuwa suala kubwa la kambi nzima: mtoto mchanga anahesabiwa leo au wiki ijayo? Saa nzima ikapita hapo. Mimi baba yangu alifariki mapema, hizi habari sikuwahi kuzisikia nyumbani. Kitu kimoja tu kilinikera: hakuna aliyerekodi. Simu zilikuwa mifukoni, na muzee ana umri wake.

Sasa nije kwenye ile ambayo mimi mwenyewe nilishiriki, na hapa mnivumilie nikirefusha, ni mambo ya sindano.

Jumamosi tatu za mwezi wa sita, kabla ya vakansi, walitangaza kazi ya kutibu vitabu. Wameuchagua mwezi huo vizuri. Wakati wa mvua karatasi inanyonya unyevu na kuota ukungu, ukiibandika umefungia ukungu ndani. Kipwa imekauka, inashikika. Lakini kipwa hichohicho ndicho kinachoua vitabu vya gundi. Vitabu vipo vya namna mbili. Kuna vilivyoshonwa: karatasi zinakunjwa katikati, zinapangwa mafungu mafungu, kila fungu linapitishwa uzi kwenye mkunjo wake. Kuna vingine ambavyo kurasa zimekatwa moja moja na kupakwa gundi mgongoni, basi. Gundi ile ikikaa miaka mitatu katika ukavu wetu inakuwa kama biskuti. Ukifungua kitabu kinasema kra, kurasa zinakuja mkononi kama karata.

Kijana aliyetuongoza alikuja na skochi, ule utepe wa gundi. Nikamwomba ruhusa ya kusema. Kila mtu amewahi kuona skochi ya zamani kwenye cheti: inageuka njano, inachanuka, na ulimbo wake unatambaa hadi ukurasa wa jirani, ukiufungua unang'oa herufi. Akakubali, na sikuona akichukia. Basi nikaonyesha ninavyofunga daftari langu la vipimo. Unachukua fungu la karatasi, unatoboa matundu matano kwenye mkunjo kwa sindano nene ya fundi viatu. Uzi unaupitisha juu ya mshumaa mara mbili, nta inauzuia kusokotana na kukata karatasi. Unaanzia tundu la katikati ukitoka ndani kwenda nje, unashuka hadi la chini kabisa na kurudi, kwa ndani unaliruka lile la katikati, unapanda hadi la juu kabisa na kurudi, unamalizia palepale ulipoanzia, fundo unalifunga kwa ndani. Usivute kama unafunga gunia. Ukivuta sana uzi unageuka kisu.

Wanawake sita na wanaume wawili tulishika sindano. Msichana wangu alitoboa, mimi nikashona, baba mmoja ambaye ni seremala akabana migongo kwa mbao mbili na kamba ya mpira wa baiskeli. Jumamosi tatu, vitabu 41. Niliviandika. Kimoja ni atlasi ambayo ramani ya Afrika ilikuwa imetoka na kupotea nyuma ya kabati. Tuliipata, tukairudisha kwa kipande cha karatasi nyembamba mgongoni.

Kosa lilikuwa kwenye gundi. Walipika uji mzito wa unga wa ngano, ambao kwa karatasi ni mzuri kweli, haukakamai na ukikosea unautoa kwa maji. Niliuliza: na mende? Wakasema rafu ni safi. Baada ya majuma sita tu nilikuta kamusi moja imeliwa mgongo mzima, mstari kwa mstari, palepale tulipopaka uji. Mende wa Katuba hawachagui lugha. Wangetumia ile gundi nyeupe ya seremala kwa migongo, na uji waubakize kwa viraka vya ndani. Nimewaambia, wamesema mwaka kesho.

Wakati wa mvua hali ni nyingine kabisa. Kuanzia Novemba hadi Machi kuna saa ya hadithi kila Jumamosi, saa tisa mchana. Wanayo sababu: asubuhi ya Jumamosi watoto wengi wako shuleni. Lakini saa tisa ndiyo saa ya mvua yetu. Mawingu yanajenga tangu mchana, na karibu mvua yote ya mwaka mzima inamwagika katika miezi hiyo, juu ya malata yasiyo na dari. Mwenye nyumba ya malata anajua: huwezi kusikia hata wazo lako mwenyewe.

Jumamosi moja ya Januari mama wa hadithi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa katikati ya hadithi ya Kalulu, sungura mjanja. Hapa kwetu anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu watoto wa familia za Kasai wanataka Kabundi na wengine wanamtaka Kalulu, na kila upande unasema mjanja wake ndiye mjanja zaidi; yeye huwapa zamu. Kalulu alikuwa ameshaingia shamba la Tembo. Mtoto wa dirishani akapiga kelele "Mvula inakuya!" na kabla hajafunga mdomo ikaanguka. Mama akaendelea kusema, tukawa tunaona midomo tu. Akanyamaza. Kisha akasimama na kuanza kuicheza hadithi kwa mikono. Vidole viwili juu ya kichwa, huyo Kalulu. Mkono mmoja mbele ya pua, akipepesuka na ule unene wake, huyo Tembo. Kalulu akamfunga Tembo kamba mguuni; kamba yenyewe haikuwepo, lakini watoto wa mbele walivuta miguu yao. Hakuna aliyesikia neno kwa dakika ishirini na hakuna aliyeondoka. Mvua ilipokatika ghafla, kama inavyokatika, tulijikuta tumenyamaza kuliko kanisani, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti ndogo: "Alikufa?"

Nimelipa teksi mara nyingi kwenda kwenye sherehe zisizofikia hapo. Hata hivyo waliokaa nyuma hawakuona kitu, ndoo chini ya tundu la paa ilijaa na kumwagikia rafu ya jiografia, na Jumamosi nne nyingine mvua ilipoanza kikao kilivunjwa tu, watoto wakaambiwa wangoje barazani. Saa saba na nusu ingefaa zaidi. Watoto watoke shule, wale bukari, waje kabla ya mawingu.

Desemba niipite haraka. Tarehe 5 ni siku ya taifa ya mti, wakapanda miche uwanjani na kila mtoto akapewa mmoja wa nyumbani. Ardhi imelowa, mche unashika, na kwa mji ambao misitu yake ya pembeni inaingia kwenye mbabula zetu kila siku, hilo halihitaji maelezo. Wangu tulipanda parachichi, mbuzi wa jirani akaonja, limechipua tena. Kisha ikaja Noeli na pamba. Walitumia pamba ya duka la dawa kutengeneza theluji, wakaibandika kwenye madirisha yote, nje maembe yanadondoka na joto limejaa chumbani. Nilipiga hesabu kwa jicho: pamba ile ingejaza mito minne.

Vakansi ya Pasaka ni ya wanafunzi wa mitihani, wa sita ya msingi na wale wa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Wanakuja na itemu, yaani maswali ya mitihani, za miaka iliyopita, wanajaza meza zote, walimu wawili wa kujitolea wanazunguka. Ni kazi nzuri, mkubwa wangu ilimsaidia kwa hesabu. Wadogo wanaambiwa warudi baada ya wiki mbili, na hakuna anayewawekea hata mkeka mmoja chini ya mwembe.

Kilele cha mashindano ya vakansi ni sherehe ya tarehe 14 Agosti: maswali kwa timu, zawadi, vitumbua. Swali lilikuja: Mazembe, timu yetu ya mpira ya Lubumbashi, ilicheza fainali ya klabu bingwa ya dunia mwaka gani? Mvulana wangu akasema 2010. Msomaji wa maswali akatazama karatasi, akasema hapana, ni 2009. Uwanja ukaguna. Mimi si mtu wa mpira, lakini katika nyumba yangu mwaka ule unajulikana kama siku ya kuzaliwa. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, baba mmoja wa nyuma aliyekuja na viatu vya kazi akaanza: 2009 ni kombe la Afrika, na 2010 pia, Desemba 2010, Abu Dhabi, Internacional ya Brazil ilikula mbili bila, fainali tukafungwa tatu na Inter ya Milano. Alitaja hata dakika, sikuzishika. Msomaji akasikiliza, akachukua kalamu, akafuta kwenye karatasi mbele ya wote na kumpa mtoto pointi yake. Wangapi wangefanya hivyo mbele ya watoto? Kwenye buletini yangu hapo walipata 20 kwa 20.

Kesho yake ni Asunta, sikukuu ya kanisa ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Tarehe 16 nikawatuma watatu kama kawaida. Wakarudi baada ya dakika arobaini. "Mama, kuko kufuli." Nikadhani wamechelewa kufungua. Nikaenda mwenyewe, nikamkuta mlinzi: "Programu ilisha kuisha, mama. Mpaka mashule ifunguke."

Sikilizeni kalenda yangu. Kuanzia tarehe 10 Agosti mzazi wa Katuba anakumbuka kuwa kuna Septemba. Shati jeupe, sketi ya bluu, suruali ya bluu, wote kwa mara moja, wote kwa Jumamosi ijayo. Barazani kwangu kitambaa cha bluu kinafika dirishani. Mwanamke wa soko anahesabu mzigo, mwenye mashine ya kusaga ana foleni, kila mtu anatafuta pesa ya masomo, na majuma hayo matatu ndiyo mtoto anakosa pa kukaa kuliko wakati wote wa mwaka. Julai yote, nilipokuwa na kazi mbili kwa siku, maktaba ilikuwa wazi. Agosti, nilipohitaji saa tatu za utulivu ili nisikate mkono wa mtu kwa sentimeta tano pungufu, kufuli. Na nilikata. Shati la mtoto wa mteja wangu wa miaka kumi, mkono wa kushoto, kwa sababu kitinda alikuwa amepanda juu ya meza. Kitambaa nimelipa mimi.

Nilipouliza, waliniambia mambo mawili. Wafanyakazi wawili wanachukua konji (likizo ya kazi) kwa pamoja, na pesa ya chai na vifaa inakuja kwa majuma sita tu, yanaanza mwanzo wa Julai. La konji nalielewa, wamechoka, niliwaona. Lakini watu wawili wanaweza kupokezana, na majuma sita yanaweza kuanza tarehe 20 Julai. Wiki mbili za mwanzo wa vakansi watoto wenyewe hawataki kuona kitabu, wanataka kulala. Kuhusu chai, mimi na wale wenzangu wa sindano tulisema tutaleta majani na sukari kwa zamu. Tumeandika barua, tumesaini watu 17, mwenyekiti wa kamati ameipokea na kugonga muhuri kwenye nakala yetu. Ni muhuri uleule wa mashindano, nimeutambua kwa ile herufi iliyovunjika.

Kwa wale wanne wenye viuno: ndiyo, mpelekeni. Kuandikisha ni juma la pili la Juni, jioni, msingoje Julai kwa sababu karatasi za vyumba 12 zinaisha. Choo kipo, maji ya kunawa hayapo kila siku. Mtoto avae triko anayoweza kuvua mwenyewe kufika saa tano. Na mpeni kikombe chake chenye alama, maana vikombe vya pale ni tisa tu, na cha kwangu cha kijani bado sijakiona.